Bega la Kushoto

Etelka Szabados alikuwa mwongo, na nalisema hilo mapema ili asije mtu kunisuta baadaye. Nilimpenda kuliko ndugu zangu wa damu. Nilikaa naye benchi moja kiwandani miaka kumi na tisa, na siku tuliyomzika nililia mpaka kofia ikanidondoka kaburini ikabidi mchimbaji anirudishie. Lakini mwongo alikuwa. Hakuwa mwongo wa kuiba wala wa kusengenya watu. Alikuwa mwongo wa barua.

Mtaani kwetu Buckeye, hapa Cleveland, jimbo la Ohio, sote tuliwahi kuandika uongo kidogo kwenda kwetu Hungaria. Ukishavuka bahari ukamwacha mama yako analia kituo cha treni, humwandikii kwamba mnalala watu sita chumba kimoja na mumeo anakohoa masizi. Unaandika kwamba mnakula nyama kila siku. Mwaka wa pili unaazima kola ya manyoya ya mbweha, unasimama kando ya gari la daktari, unapigwa picha. Gari la watu, kola ya watu, cha kwako ni tabasamu tu. Picha inatundikwa ukutani Budapest, na tangu siku hiyo huna pa kurudi nyuma, kwa sababu kila barua lazima ifanane na picha.

Etelka alipigwa ya kwake mwaka 1927. Alikuwa amekuja miaka sita kabla, msichana wa miaka kumi na minane, kuolewa na Dezső wa kiwanda cha chuma. Mtoto hawakujaliwa. Dezső alipokufa kwa mapafu, Etelka alibaki na kaka mmoja tu, Kálmán, kondakta wa tramu kule Budapest, na watoto wawili wa kaka huyo ambao hakuwahi kuwatia machoni: Bálint na dada yake Boriska. Bálint alikuwa mtoto wake wa ubatizo, tena kwa barua. Padri amesimama na beseni Budapest, mama wa ubatizo yuko Ohio anashona makoti.

Kushona alijua, hapo sitamwonea. Mashine zilishona mwili wa koti, na sisi benchi la mwisho tulishona bitana ya ndani kwa mkono. Mishono ya Etelka ilikuwa midogo, imelingana, na mwisho wa uzi alizungusha fundo mara tatu kama mtu anayefunga nyumba akiogopa wezi. Msimamizi alikuwa akichukua koti lake kuwaonyesha wasichana wapya. Etelka mwenyewe aliandika kwao kwamba ana mtumishi, na kwamba sindano hajaishika tangu vita ya kwanza.

Wakomunisti waliposhika nchi na barua zikaanza kufunguliwa njiani, Etelka alianza kutuma makoti. Kiwanda kilituuzia kwa bei ya chini yale yenye kasoro. Alifumua bitana kwenye bega la kushoto, akaingiza chini ya pamba ya bega kipande cha bitana nyeupe alichokiandika kwa wino, akashona tena. Karatasi hulia mkaguzi akiiminya, kitambaa hakilii. Mama mmoja wa mtaani aliyekwenda kuwasalimu wazazi wake mwaka 1947 ndiye aliyemnong'oneza Kálmán: fumua bega la kushoto. Basi kila koti lililofika lilikuwa na uongo wake begani.

Sasa nifike kwenye mkutano wa Agosti 1956. Sikukuu ya Mtakatifu Stefano, mfalme wetu wa kwanza, bustanini, mtaa mzima umekaa kuzunguka mioto, kila mtu na kijiti chake na kipande chake cha mafuta ya nguruwe, yanachuruzikia mkate wenye vitunguu. Ulikuwa mwaka wa uchaguzi, na mheshimiwa mmoja aliyekuwa akigombea alikuja kutuomba kura. Alipanda jukwaani akasema mioyo ya Waamerika iko pamoja na Wahungaria waliofungwa minyororo. Watu walipiga makofi, wanaume wazima wakajifuta machozi. Kisha akashuka kutushika mikono. Etelka alikuwa mbele yangu kwenye mstari. Mheshimiwa alimshika mkono, akaangalia mkate wake, akasema: "Mama, haya mafuta yameiva vizuri sana!" Akapita. Mimi nilipata tabasamu tu, mkate wangu ulikuwa umeungua.

Kufika Jumatatu kiwandani, Etelka alikuwa ameongea na mheshimiwa dakika tano. Kufika Jumatano alikuwa amehakikishiwa mambo. Nilicheka, nikasema moyoni, mwache, mjane ana haki ya kuwa na chake cha kusimulia. Laiti ningemkanya siku ile! Lakini nani hukanya jambo dogo?

Oktoba ikaja, na redio ikasema Budapest imeinuka. Tulidhani tumesikia vibaya. Vijana wameangusha sanamu la Stalin! Mwokaji wetu alifunga duka saa nne asubuhi, akatoka barabarani na unga mikononi, akikumbatia watu wasiomdai hata salamu. Kanisani, chumba cha chini, tulianza kukusanya nguo na dawa. Waitaliano wakaja na blanketi. Wapolandi wakaja na fedha za jasho la mikono yao, sarafu kwenye soksi. Hata Waairishi wa mtaa wa pili, waliotucheka miaka yote kwamba tunanuka pilipili ya paprika, walipanga foleni kutoa damu. Jamaa mmoja wao mwekundu kama nyanya aliniuliza, "Mama, hii damu yangu itafanya kazi kwa Mhungaria?" Nikamwambia, "Itafanya, ila mgonjwa ataanza kuimba." Etelka alitoa damu mara mbili, ya pili kwa kudanganya jina. Na mkasi wa kiwandani ndio aliotumia kukata tundu katikati ya bendera zetu, pale ilipokuwa nembo ya Wakomunisti, kama walivyokata wao kule. Alikata duara bila kuchora, na halikupinda hata moja.

Tarehe thelathini tukasikia Warusi wanaondoka. Etelka alicheza na mimi kati ya marundo ya makoti, mimi na magoti yangu haya.

Jumapili ya tarehe nne Novemba tulikwenda misa ya asubuhi tukakuta watu wamesimama nje, hawaingii. Mtu alikuwa ameweka redio juu ya gari. Vifaru vimerudi usiku. Vifaru maelfu, mji mzima unapigwa. Redio ya Budapest ilikuwa imeomba msaada, ikaomba tena, kisha ikanyamaza. Nilisubiri mtu aseme kwamba si kweli. Padri Ambrus aliingia altareni, akafungua mdomo kuimba, sauti haikutoka, akabaki ametukodolea macho. Sijawahi kuona padri akishindwa namna ile. Nilipigwa na butwaa mpaka nikasahau kupiga magoti.

Kwenye ngazi za kanisa Etelka alinishika mkono.

"Margit, wanakuja lini?"

"Kina nani?"

"Wetu. Wanajeshi wa Amerika."

"Dada, mimi nitajuaje? Naona kama hawaji."

"Usiniambie hawaji!" Alinibana mkono mpaka ukauma. "Nimeshaandika wanakuja."

Nikamtazama. "Umeandika wapi?"

"Bega la kushoto. Koti la Bálint, lile la kijivu, la Agosti. Nimeandika kwamba mheshimiwa amenishika mkono akaniambia, siku mtakayosimama, sisi tutakuwa mlangoni."

"Dada Etelka! Mimi nilikuwa nyuma yako! Yule mtu alisema mafuta yameiva!"

"Alisema kwa macho."

"Macho gani? Macho yalikuwa kwenye mkate!"

Aliteremka ngazi moja, akakaa palepale juu ya saruji, mwanamke wa miaka hamsini na tatu na kofia yake ya Jumapili, watu wakimruka kando. Ndipo nami nikaelewa. Kule Budapest kulikuwa na kijana wa miaka ishirini na mitatu aliyeambiwa na mama yake wa ubatizo, mama mwenye gari na mtumishi, kwamba Amerika iko mlangoni.

Jumanne Waamerika walipiga kura. Hakuna ndege iliyopaa. Magazeti yaliandika maneno mazuri juu yetu, mazuri kweli, mengine niliyakata nikayahifadhi. Lakini siku zilipita, na Budapest ilizimwa huku sisi tukiangalia, na sikuamini kwamba nchi kubwa namna hii inaweza kulia na wewe kwa dhati, ikakupa damu yake, na bado isije.

Etelka alihamia chumba cha chini cha kanisa. Akitoka kiwandani anashuka huko, anapokea makoti yaliyotolewa, anayarekebisha. Wanawake wenzetu hawakujua lolote. Kila mgeni akija kuangalia, walimsukuma mbele: "Huyu ndiye aliyeongea na mheshimiwa! Hebu simulia, Etelka!" Naye anainamisha kichwa kwenye sindano. Wakadhani ni unyenyekevu. Mimi peke yangu nilijua, na nilipomtazama nilitamani ardhi ipasuke itumeze wote wawili, kwa sababu hata mimi niliicheka ile hadithi nikaiacha itembee.

Usiku halali, mchana hali. "Kama amekufa," aliniambia siku moja, "basi nimemuua kwa wino."

"Acha kufuru."

"Kufuru ni kuandika."

Januari ikaja simu ya maandishi kutoka kambi ya wakimbizi ya New Jersey. Boriska anafika Alhamisi kwa treni ya saa saba mchana. Jina moja tu. Etelka aliisoma mbele na nyuma, akaipindua kutafuta jina la pili.

Stesheni tulikwenda watu kama ishirini, na bendera yenye tundu. Akashuka msichana wa miaka kumi na tisa, mwembamba, ndani ya koti la kijivu la kiume lililomfika visigino, lenye tope kavu la mpakani mpaka magotini. Shangazi na mtoto wa kaka hawajawahi kuonana, lakini Etelka hakutazama uso. Alilijua koti.

"Bálint?" akauliza.

Boriska alitikisa kichwa. "Siku ya tatu ya vifaru, shangazi. Kona ya duka la dawa."

Wale watu wetu na bendera yao hawakujua kama waimbe au wanyamaze, na mmoja alikuwa ameshaanza, akakatiza katikati ya mstari.

Nyumbani kwa Etelka wanawake walikuwa wameandaa supu ya kuku na kabichi zilizofungiwa nyama, za kulisha kikosi. Tuliwashukuru tukawatoa mmoja mmoja, na wa mwisho nilimtoa kwa kumfungia mlango. Tukabaki watatu jikoni. Boriska alikula sahani mbili. Juu ya kabati ilikuwepo ile picha ya gari, nakala aliyobaki nayo.

"Barua yako tuliipata, shangazi," akasema, akifuta sahani kwa mkate. "Baba aliificha mpaka Warusi walipoondoka. Siku ile aliisoma uani, jengo zima likatoka kwenye veranda kusikiliza. Barua ya Amerika! Akasimama kwenye ngazi na sare yake ya tramu. Watu walilia. Alipofika kwenye zile ndege mia nne zilizoko Ujerumani, zimeshajazwa mafuta, mama mmoja alizimia."

Etelka aliinua kichwa. "Ndege?"

"Ndiyo. Ndege."

"Mimi sikuandika ndege."

"Baba alisoma ndege."

Tulitazamana. Kumbe ni ukoo! Huyu ametia chumvi Ohio, yule naye akaongezea chumvi yake Budapest, na jengo zima limekunywa hiyo supu.

Ningekuwa mimi, ningejificha nyuma ya zile ndege. Kálmán ndiye mwenye kosa, basi, yaishe. Etelka alisukuma kiti akasimama, mikono juu ya meza.

"Hata mlango sikuambiwa," alisema. "Nisikilize, mwanangu, kisha unipige ukitaka. Yule mheshimiwa hakuniahidi kitu. Alisifu mafuta ya nguruwe. Muulize Margit. Mengine yote nimetunga mimi, kwa sababu nimezoea kutunga. Lile gari ni la daktari. Mtumishi sina. Ninashona bitana tangu mwaka ishirini na tatu. Nimemdanganya Bálint akaenda kufa, na sina cha kukupa zaidi ya kukuambia."

Boriska hakuonyesha hasira wala mshangao, na hilo lilinitisha zaidi. Alifungua vifungo vya koti, akalivua kwa mara ya kwanza tangu afike, akaliweka mezani kati ya sahani.

"Alinivalisha yeye asubuhi ile anaondoka," akasema. "Akaniambia mpakani kuna baridi. Akasema, mpe shangazi, bega la kushoto, na wewe usilifumue."

Etelka alipitisha kidole gumba kwenye mshono wa bega, akashtuka kama aliyeshika pasi ya moto. Nikainama kuangalia. Haikuwa mishono yake. Ilikuwa mikubwa, imekwenda upande, ya kushonea gunia la viazi. Mwanaume alikuwa ameshona pale. Lakini mwisho wa uzi fundo lilizungushwa mara tatu.

Alinisogezea mkasi, nikafumua mimi. Ndani kilikuwamo kile kitambaa chake cha Agosti, na upande wa pili maandishi ya penseli. Etelka hakuweza kusoma. Nikasoma mimi, na naapa sikuongeza neno.

"Shangazi. Baba kasoma ndege, nami nimesoma mwenyewe, hakuna ndege. Mlango nao siuamini. Usione haya. Nilipokuwa mvulana nilikaa kando ya meza nikiangalia mama akifumua makoti yako, naye alisema, mwanamke anayeshona hivi hana mtumishi, ni mfanyakazi kama sisi. Tumejua miaka yote. Picha tuliiacha ukutani kwa sababu umependeza. Kesho ninakwenda, hajanituma mtu. Usininyang'anye hilo. Usitie chumvi tena, wewe tuma makoti. Bálint."

Boriska alikuwa analia sasa, kimya, machozi yanadondokea sahani. Etelka alinitazama mimi kana kwamba ndimi niliyemficha.

"Walijua," akasema. "Margit, walijua! Tangu lini?"

"Tangu koti la kwanza, dada. Umesikia."

"Miaka tisa!" Akaketi. Akaangalia mikono yake, akaigeuza, viganja na migongo, vidole vyenye sugu la sindano. Miaka yote alikuwa anafunga bega kwa uangalifu ili uongo usionekane, na kumbe ule uangalifu wenyewe ndio uliokuwa unasema kweli. Sijui kama alipona siku ile au kama aliumia upya. Nadhani vyote. Mtu akikusamehe akiwa hai unaweza kubishana naye, na huyu alikuwa amekwisha kufa.

Alhamisi ileile aliitoa picha juu ya kabati. Boriska akamnyang'anya, akairudisha.

Jumamosi tulishuka kanisani watatu. Padri Ambrus alikuwa na wageni, wajumbe wa kamati kutoka mjini, wanaume wenye makoti mazuri na mwandishi mmoja wa gazeti. Wanawake, kama kawaida yao, wakamsukuma Etelka mbele. "Huyu ndiye! Simulia, Etelka, alikuambia nini mheshimiwa!" Mwandishi akatoa kalamu.

Etelka aliinua macho kutoka kwenye sindano.

"Alisema mafuta yangu yameiva vizuri," akamwambia. "Na ni kweli, yalikuwa yameiva. Andika hivyo. Boriska, hebu nipe hilo koti la bluu, halina vifungo."